Alilala ndani ya gari akiwa amelewa, sasa anaambiwa akiri kosa yaishe

Shikamoo shangazi,

Naandika kutoka Fort Worth, Texas, ninakoishi na mume wangu na watoto wawili. Kwetu ni Tanga. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuja huku kwa bahati nasibu ya green card. Alianza na kazi ya ghalani, akasomea udereva, akapata leseni ya malori, ile CDL, na sasa anaendesha trela. Hela ya dawa za sukari za mama inatoka kwake kila mwezi. Muda wake wa kuomba uraia umekaribia.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye harusi ya mtu wa kwetu huko Arlington. Alikunywa sana. Alikuwa na mafua, kwa hiyo alikuwa ameshameza ile dawa ya usiku inayoleta usingizi, na nimekuja kusikia baadaye kwamba rafiki yake alimpa zile pipi zenye bangi zinazouzwa kwenye maduka ya sigara. Saa saba usiku alituaga, akasema anakwenda kujinyoosha kwenye gari lake. Joto lilikuwa kali. Akawasha injini apate kiyoyozi, akalala kwenye kiti cha dereva. Mguu wake ulikuwa umeegemea breki, maana mlinzi wa ukumbi anasema aliona taa nyekundu za nyuma zinawaka, zinazima, zinawaka tena, ndipo akapiga simu polisi.

Walimgongea kioo, wakamshusha, wakamtembeza kwenye mstari. Walipomwambia apulize kipimo alikataa, kwa sababu madereva wenzake humwambia siku zote, "Usipulize, wakikosa namba hawana kesi." Wakampeleka kituoni, wakapata hati ya jaji, wakamtoa damu. Asubuhi nililipa dhamana. Leseni walibaki nayo, wakampa karatasi. Ameikunja ameitia kwenye droo na hataki kuiona.

Sasa ushauri umekuwa mwingi kuliko watu. Rafiki yake anasema akiri kosa, atapewa "deferred", alipe faini, yaishe, yeye ilimtokea na yuko kazini. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mtu wa heshima, anataka nikaseme mahakamani kwamba mimi ndiye nilikuwa nimepanga kuendesha usiku ule. Mjomba kapiga simu kutoka Tanga, eti arudi nyumbani miezi kadhaa mambo yapoe. Mwenyewe anasema, "Mimi nililala, sikuendesha, kosa langu liko wapi?" Kazini hajamwambia mtu. Mahakamani ni baada ya wiki tatu.

Shangazi, hii ni mara yake ya kwanza kukamatwa, lakini kushika usukani akiwa amekunywa si mara ya kwanza. Mwaka jana alimleta mwanangu wa miaka 9 kutoka mpirani ananuka pombe, tukagombana vibaya. Mume wangu anasema tumwache dunia imfunze. Wakili anataka dola 3,500, na sina. Nikope?

Dada mtu, Fort Worth

Marahaba mwanangu, na pole.

Habari ya ile karatasi ya kwenye droo nilikujibu pembeni siku ile ile barua yako iliponifikia, kwa kuwa haikuweza kungoja zamu ya safu hii. Nairudia kwa ajili ya wasomaji wengine walio Texas. Karatasi hiyo ni taarifa ya kufungiwa leseni, na papo hapo ni leseni ya muda ya siku 40. Tangu siku aliyokabidhiwa ana siku 15 tu za kuomba asikilizwe na jaji wa masuala ya utawala. Asipoomba, siku ya 40 leseni inafungwa yenyewe bila mtu kumuuliza neno. Ombi linatumwa Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, halihitaji wakili, na likishapokelewa kufungiwa kunasimama mpaka shauri lisikilizwe. Hii si kesi ile ya wiki tatu zijazo. Ni shauri la pembeni, la leseni peke yake, na hata mwendesha mashtaka akija kuifuta kesi ya jinai, kufungiwa leseni kunaweza kubaki pale pale. Nimefurahi uliponiandikia kwamba mmeshatuma ombi.

Kwa nini nililichukulia kwa uzito hivyo? Kwa sababu ya huko kukataa kupuliza. Wenzake walimdanganya, ingawa hawakukusudia ubaya. Kwa dereva wa kawaida, kukataa kipimo kwa mara ya kwanza Texas ni kufungiwa siku 180. Kwa mwenye CDL kanuni za serikali kuu zinaongeza: kukataa kipimo cha polisi kunamtoa kwenye malori mwaka 1 mzima, na haijalishi kwamba alikuwa kwenye gari lake binafsi, siku yake ya mapumziko, amevaa suti ya harusi. Akipatikana na hatia ya kuendesha amelewa, ni mwaka 1 vilevile. Tukio la pili la aina hiyo, mwaka wowote utakaokuja, ni kuondolewa maisha, hata kama sheria inaacha tundu la kuomba kurudi baada ya miaka 10. Kuna kibali maalumu ambacho mahakama za Texas humpa mtu aliyefungiwa leseni ili aweze kwenda kazini, lakini kibali hicho hakiruhusu kuendesha lori. Kwa hiyo mkate wake uko kwenye lile shauri la leseni kama ulivyo kwenye kesi yenyewe. Tena huko wakili anaweza kumwita askari aliyemkamata na kumhoji chini ya kiapo, jambo litakalosaidia baadaye.

Na "wakikosa namba hawana kesi"? Hawakuikosa. Jaji alitia saini hati, damu ikatoka. Juu ya hayo, sheria ya Texas inaruhusu mahakama iambiwe kwamba mshtakiwa alikataa kupima.

Sasa swali lake, kosa liko wapi ikiwa alilala. Namwelewa kabisa, na silidharau, maana kwenda kulala badala ya kuingia barabara kuu ni afadhali mara mia. Lakini Texas haidai gari liwe limetembea. Mahakama zake hutazama hali nzima: injini ilikuwa inanguruma au la, alikaa kiti gani, gia iko wapi, taa zinasema nini, gari lilifikaje pale. Maegesho ya ukumbi ambako wageni wanaingia na kutoka ni mahali pa umma kwa sheria hiyo. Ule mguu juu ya breki utatajwa na mwendesha mashtaka kabla ya kitu kingine. Hata hivyo kuna la kujitetea: joto, kiyoyozi, gari ambalo halikuondoka lilipoegeshwa tangu jioni, watu waliomsikia akisema anakwenda kulala. Haya yanahitaji ushahidi, na ushahidi una tabia ya kupotea. Ukumbi ukiwa na kamera, kanda zake hufutwa. Andikeni barua kwa wenye ukumbi wiki hii mkiwaomba wazihifadhi, na mbaki na nakala. Waliokuwa meza moja naye waandike kila mmoja anachokikumbuka kabla kumbukumbu hazijachanganyika. Siku nyingine kama hiyo, alale kiti cha nyuma na funguo akuachie wewe ukumbini. Au aite teksi.

Wengi wanadhani kesi hizi ni za namba tu, kwamba kiwango cha pombe kwenye damu kikisoma chini ya 0.08 mtu yuko huru. Hiyo 0.08 ni njia moja ya kumtia mtu hatiani. Njia ya pili haina namba: inatosha kuthibitisha kwamba alipoteza uwezo wake wa kawaida wa akili au mwili kwa sababu ya pombe, dawa, kilevi kingine chochote, au mchanganyiko wa hivyo. Dawa ya mafua iliyonunuliwa dukani kihalali imo, hata ya daktari imo. Sheria inasema wazi kwamba kuwa na haki ya kuitumia dawa si utetezi. Ile ya usiku kufuatiwa na pombe inalaza mtu mzima kama mtoto, na dereva wa trela anapaswa kujua hilo kuliko sisi sote.

Zile pipi zinanitisha zaidi ya pombe, mwanangu. Kwanza kwa kazi yake: kuuzwa dukani hakumkingi kitu. Kipimo cha mkojo cha madereva wa malori kinatafuta bangi bila kuuliza imetoka wapi, na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa tangazo Februari 2020 kwamba kusema "nilitumia CBD", ile dawa ya mmea wa bangi isiyolevya, hakufuti matokeo ya kukutwa na bangi. Tangu Januari 2020 matokeo hayo yanaingia kwenye daftari la kitaifa ambalo kila mwajiri wa malori lazima alitazame. Pili kwa karatasi zake za uhamiaji, na huku ndiko kwenye hatari kubwa. Hukumu yoyote ya dawa za kulevya inaweza kumfukuzisha mwenye green card, isipokuwa ile ya mara moja ya kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 ya kutumia mwenyewe. Hata kukiri tu mbele ya afisa kunaweza kumletea taabu. Kwa hiyo habari ya pipi asiizungumze na askari, wala kwa simu, wala kwenye kundi la WhatsApp la harusi, wala na afisa yeyote wa uhamiaji, mpaka akae na wakili faraghani na amweleze yote. Simwambii adanganye. Ana haki ya kunyamaza, aitumie. Na rafiki yake huyo aambiwe afute hadithi hiyo mdomoni.

Tuje kwa huyo rafiki wa "kiri yaishe". Sina shaka anasema yaliyomtokea kweli. Texas ilianza kuruhusu mpango huo wa "deferred" kwa kesi za ulevi barabarani Septemba 1, 2019: unakiri, jaji anaahirisha hukumu, unakaa chini ya uangalizi, ukimaliza salama hukumu haiandikwi. Ila sheria hiyo hiyo inawatoa watu wawili, aliyepimwa akakutwa na 0.15 au zaidi, na aliyekuwa na CDL siku ya tukio. Mdogo wako ana CDL. Mlango ambao rafiki alipitia kwake umefungwa, na akienda mahakamani akakiri kwa matumaini hayo atatoka na hukumu kamili: jela kuanzia siku 3 hadi siku 180, faini hadi dola 2,000, juu yake faini nyingine ya dola 3,000, na mafunzo ya darasani kuhusu ulevi barabarani, jumla ya saa 12. Damu ikisoma 0.15, jela inaweza kufika mwaka na ile faini ya kwanza dola 4,000.

Hata ungekuwa wazi, ningemzuia. Sheria ya uhamiaji ina hesabu yake yenyewe. Mtu akikiri kosa na jaji akamwekea sharti lolote, uangalizi au faini, kwa uhamiaji hiyo ni hukumu, hata kama Texas inasema haikuandikwa. Wenzetu wangapi wameambiwa "hii haitahesabika" na mtu asiyejua sheria ya uhamiaji hata ukurasa mmoja!

Msomee habari ya Jose Padilla. Alikuwa mzaliwa wa Honduras, mwenye green card kwa zaidi ya miaka 40, alitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, na alikuwa dereva wa trela kama yeye. Alikamatwa Kentucky na shehena ya bangi kwenye lori. Wakili wake akamwambia asihofu kuhusu uhamiaji, amekaa nchini siku nyingi. Akakiri. Kukiri kule kukamweka kwenye njia ya kufukuzwa nchini karibu moja kwa moja. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo ikaamua mwaka 2010 kwamba wakili wa kesi ya jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha. Kosa la mdogo wako ni dogo sana kando ya lile. Haki iliyotoka mle ni yake pia: wakili yeyote atakayemshika, awe wa kulipwa au wa kupewa na mahakama, lazima amjibu swali la uhamiaji kabla hajafungua mdomo mbele ya jaji.

Nisikutie hofu isiyo na sababu. Kosa moja la kawaida la ulevi barabarani, bila mtu kuumia na bila dawa za kulevya kutajwa, peke yake kwa kawaida si sababu ya kumfukuza mwenye green card. Mwaka 2004, katika kesi ya Leocal, Mhaiti aliyejeruhi watu Florida akiwa amelewa, Mahakama ya Juu ilikataa kuliita kosa lile uhalifu wa mabavu. Uraia ndio utakaotikisika. Fomu itamuuliza kila mara aliyowahi kukamatwa, hata kesi iliyofutwa, na lazima ajibu kweli. Akiwa bado chini ya uangalizi wa mahakama, ombi halipitishwi. Na tangu mwaka 2019, hukumu mbili za namna hii ndani ya kipindi kinachochunguzwa zinamfanya mtu achukuliwe kuwa hana mwenendo mwema mpaka yeye athibitishe kinyume chake. Ndiyo maana wakili wake ahangaikie sana kilichoandikwa kwenye karatasi za kesi: pombe ibaki pombe, bangi isiingie.

Ule ushauri wa mzee ukatae kwa adabu, lakini ukatae. Wewe hukupanga kuendesha gari lile. Ukienda kuapa kwamba ulipanga utakuwa umetenda kosa la jinai wewe, mama wa watoto wawili, na mdogo wako hutamwokoa. Mjomba naye mwambie ukweli mzima: asipotokea mahakamani dhamana inapotea, hati ya kukamatwa inatolewa, na hati hiyo haipoi. Itamngoja uwanja wa ndege hata baada ya miaka. Safari ikizidi miezi 6 inavuruga hesabu ya uraia, ikizidi mwaka green card yenyewe inatiliwa shaka. Mama akizidiwa Tanga, Mungu apishe mbali, aulize wakili wa uhamiaji kwanza ndipo akate tiketi.

Kazini: kanuni za serikali kuu hazimtaki aripoti kukamatwa. Zinamtaka aripoti hukumu ndani ya siku 30, na kufungiwa leseni kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata baada ya kupata taarifa. Lakini kampuni nyingi zina masharti makali zaidi kwenye mkataba. Asome mkataba leo. Na wakimwita kupima mkojo kwa kushtukiza asikatae, kukataa kunahesabika sawa na kufeli.

Mumeo anasema dunia imfunze. Nina neno na yeye pia, kwa heshima. Dunia ya barabara za Texas inafunza kwa njia ambayo haimwachi mwanafunzi peke yake. Mlevi akiua mtu kwa gari ni kifungo cha miaka 2 hadi 20. Tangu Septemba 1, 2023 akiua mzazi, mahakama humwamuru awalipe watoto waliobaki matunzo mpaka wafike miaka 18 au wamalize sekondari. Na mwanao yule wa miaka 9: Texas, kuendesha umelewa ukiwa na mtoto chini ya miaka 15 garini ni kosa kubwa, jela kuanzia siku 180 hadi miaka 2 na faini hadi dola 10,000. Mtoto huyo asipande gari la mjomba wake tena mpaka wewe uridhike, na usione haya kulisema hilo mezani mbele ya wote. Mdogo wako aende kupimwa tatizo la pombe sasa, kabla jaji hajamwamuru. Ana ugonjwa au ana mazoea, mtaalamu ndiye atakayesema. Gari lake, ukiweza, likae kwako.

Kuhusu kukopa. Usikope dola 3,500 kabla hujajaribu haya. Kosa lake lina kifungo, kwa hiyo kipato chake kikiwa kidogo ana haki ya kupewa wakili na mahakama bila malipo. Aombe siku ya kwanza, na aombe mkalimani wa Kiswahili ikiwa Kiingereza cha mahakama kinampita. Wakili huyo hatamshughulikia lile shauri la leseni wala karatasi zake za uhamiaji. Kwa uhamiaji, tafuteni mashirika yasiyo ya faida yenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, ambao wengi hutoza kidogo. Msimpelekee yule mjaza fomu wa mtaani, hata kama aliwajazia vizuri zile za bahati nasibu. Kipato chake kikizidi kiwango, basi kopa kwa jina lake, aandike na kutia saini kwamba atarudisha, na kiasi gani kila mwezi. Hela ya kwanza iende kwa saa moja na wakili wa uhamiaji. Abebe karatasi ya polisi, karatasi ya dhamana, green card, na tarehe za safari zote alizotoka nje ya nchi. Na umwendeshe wewe.